Clifford Tuddenham na Dakika Arobaini Nilizozificha

Mwaka umetimia leo, Cliff, tangu ulipotutoka Alhamisi ile saa kumi jioni, pale wodini, dirisha likiwa wazi kwa sababu ulikataa katakata lifungwe. Gillian ameniambia niandike maneno mawili matatu ya gazetini, kama familia nyingine zinavyofanya. "Mama, sema tu kwamba tunamkumbuka." Nikamjibu sawa. Sasa nimekaa mezani na kalamu tangu asubuhi, na naona haya hayatakuwa mawili matatu.

Watu wa Saltmere hawahitaji kuambiwa ulikuwa nani. Ulitafuta mbwa wao waliopotea. Ulimtakia Bi Hendry heri ya kuzaliwa mpaka akafika miaka mia na mmoja, na kila mwaka ulimwuliza hewani kama ameshapata mchumba. Theluji ikianguka, ulisoma majina ya shule zilizofungwa, moja moja, na watoto wa mji mzima wakashangilia kana kwamba wewe ndiye uliyeiangusha. Ulimwambia daktari unaweka sukari kijiko kimoja kwenye chai. Vilikuwa vinne, Cliff, na mimi nilikuwa nahesabu.

Kwa mwuza nyama ulizungumza kwa sauti ya redioni, na nyumbani kwa sauti ya kawaida. Nilipokusikia unaniita kwa ile ya redioni nilijua umevunja kitu.

Lakini wiki iliyopita Priya Nair, meneja wa kituo chetu hapa mjini, alinipigia simu. "Bi Noreen," akasema, "Jumanne saa nne asubuhi tutarudia kile kipindi cha Bwana Cliff alimosimulia habari ya boya. Watu wanakipenda sana, na wewe ndiye shujaa wake!" Nikamshukuru. Nilipoweka simu chini, nikakaa kwenye ngazi.

Maana simulizi ile si ya kweli, Cliff. Si yote. Wewe uliisimulia kwa moyo safi kila mwaka, na mimi nikakaa kimya kando yako nikitabasamu. Jumanne mji mzima utasikia tena jinsi mke wako alivyokuokoa, na mimi sitaweza kukaa jikoni kwangu nikisifiwa kwa mara nyingine. Nataka niseme kabla ya Jumanne. Gillian, Stuart, wanangu, najua mtaisoma karatasi hii kabla haijapelekwa gazetini. Kaeni chini kwanza. Na msibadilishe neno.

Nianze pale ulipoanzia. Enzi zile redio zote zilikuwa za serikali, na muziki tulioupenda sisi vijana walitugawia kama dawa, kijiko kimoja kwa wiki. Basi watu wenye akili za kuchezacheza wakanunua meli kuukuu, wakasimamisha antena, wakatia nanga mbali kidogo na mpaka wa sheria, wakapiga santuri kutwa kucha. Serikali ikawaita maharamia. Mama yangu naye akawaita hivyo hivyo.

"Huyo kijana wako anafanya kazi gani?"

"Anapiga santuri, mama. Ni mtangazaji."

"Wapi?"

"Baharini."

"Noreen, mwanangu, nchi kavu wanaume wamekwisha?"

Tena hukutumia hata jina lako. Maharamia wote mlijibandika majina, na wewe ukajiita Robin Vale. Mama akauliza, "Kanisani niseme binti yangu kaolewa na Vale au na Tuddenham?" Ukamwambia, "Sema kaolewa na wote wawili, mama, ila mmoja tu ndiye anayekula." Akacheka, akakupa kipande cha pili cha pai. Tangu siku hiyo mkawa maswahibu, na jioni ukawa unampigia piano yake, ile ya sebuleni.

Redio Kestrel ilikuwa na desturi zake. Wiki mbili melini, wiki moja nyumbani. Percy Mallows ndiye aliyewapeleka na kuwarudisha kwa boti yake, pamoja na mkate, barua na santuri mpya. Na mtu akikaribia kurudi nyumbani, alirekodi kipindi cha siku ya safari kwenye tepu siku moja kabla, ili akishateremka sauti yake iendelee hewani mpaka mwenzake ashike zamu. Wewe ulikuwa fundi wa tepu hizo. Ulitaja hata saa ndani yake. Tepu ikianzishwa saa tatu kamili, kila dakika uliyoitaja iliangukia mahali pake. Ulinionyesha mwenyewe, ukanichorea kwenye bahasha. Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilijua.

Ilikuwa Jumatano ya Februari, mwaka wa sitini na sita. Wewe ulikuwa urudi Alhamisi. Gillian alikuwa na miezi mitano, amelala kwenye kikapu chake karibu na jiko. Nje mvua ya barafu ilikuwa inapiga vioo tangu alfajiri na upepo unatoka mashariki, ule mbaya. Nilikuwa napiga pasi, redio iko kwenye rafu, na wewe uko ndani yake unabwabwaja kama kawaida yako.

Saa tatu na robo baruti mbili zikalia juu ya bandari, kuita wanaume wa boti ya uokoaji. Moyo ulinishtuka, kama unavyomshtuka kila mwanamke wa pwani yetu. Kisha nikasikia sauti yako, ukamtania mvuvi mmoja wa Lowestoft aliyekuandikia barua, na moyo ukatulia. Nikamshukuru Mungu kwamba si mimi. Mungu anisamehe, nilishukuru hivyo hasa.

Saa nne na dakika tano mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Thurlow, nahodha wa boti ya uokoaji, kalowa chapachapa, maji yanamchuruzika kwenye masharubu.

"Noreen, boti ya Percy imepinduka kwenye fungu la mchanga. Percy tumempata, lakini hana fahamu, hawezi kusema. Meli tunaiita kwa simu ya upepo, haijibu. Cliff alikuwa anarudi leo?"

"Kesho," nikamjibu. "Alhamisi."

"Una hakika?"

Na mimi, Cliff, nikaudhika. Gillian alikuwa ndiyo kwanza amelala, na mtu mzima huyu ananiingizia upepo ndani na kuniuliza kama najua mume wangu anarudi lini. Nikanyoosha kidole kwenye rafu. "Si huyo hapo! Msikilize mwenyewe."

Ukasema, kwa ile sauti yako, "Saa nne na dakika sita, nanyi bado mko nami, Robin Vale, hapa Redio Kestrel."

Bwana Thurlow akatazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa nne na dakika sita. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Basi yuko salama," akasema. "Huyo mumeo haishiwi maneno."

"Hata akifa ataendelea," nikamwambia. Tulicheka wote wawili. Akavaa kofia, akaenda kuwaambia wenzake kwamba Percy alikuwa peke yake, waifunge boti.

Mimi nikarudi kwenye pasi.

Nilinyoosha mashati manne. Nilinyoosha nguo za mtoto. Nikaweka birika. Nikakata mkate, nikaupaka jamu ya machungwa, nikala nimesimama. Hayo yote niliyafanya, na wewe ulikuwa umeng'ang'ania boya la chuma maili mbili kutoka jikoni kwangu. Nimejaribu miaka yote kukumbuka kama nilihisi chochote, ule moyo kwenda mbio ambao watu husema wake huwa nao. Sikuhisi kitu. Nilihisi njaa.

Saa nne na dakika arobaini na tano ukapiga wimbo mmoja wa polepole, na ulipokwisha ukasema, "Jua linawaka huku leo, marafiki. Nimevua sweta. Bahari imelala kama paka."

Nilicheka. Ndiyo, kwanza nilicheka, nikadhani unatutania kwa sababu ya dhoruba. Nikageuka dirishani nikiwa bado nacheka. Barafu inagonga kioo, sioni hata uzio wa jirani. Nikangoja useme neno la pili, uumalizie utani wako. Hukusema. Ukapiga santuri nyingine.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jumanne ndiyo iliyokuwa na jua. Jua dogo la Februari, lakini jua, nilianika nguo za mtoto nje. Wewe ulikuwa unatuambia habari za jana. Tepu! Na kama ni tepu, basi wewe hukuwapo kwenye kiti chako. Lazima Jumanne mlisikia dhoruba inakuja, ukarekodi, na Percy akaja kukuchukua siku moja mapema, kabla haijawafungia.

Nilimkabidhi Gillian kwa Bi Garrod wa mlango wa pili, sikumwambia hata neno, nikakimbia. Nilikuwa na ndala za nyumbani. Moja ilibaki mtaani, sijawahi kuiona tena. Nilipofika kwenye banda la boti, wanaume walikuwa wanatundika makoti yao. Mmoja alikuwa anamimina chai.

"Ni tepu!" nikapiga kelele. "Ile sauti ni tepu! Cliff alikuwa na Percy!"

Hakuna aliyeniuliza tepu ni nini. Bwana Thurlow aligeuka mweupe. Alinitazama mimi, mimi nikamtazama yeye, halafu akapaza sauti, "Makoti! Makoti, twende!" Boti ikateleza kwenye reli ikaingia majini.

Nilisimama kwenye gati saa nzima. Ndani ya banda kulikuwa na redio, na wewe ukawa unaendelea. Ukataja saa tano kamili. Ukataja na robo. Ukamtumia salamu mama yangu. Nilimwambia yule mzee aliyebaki akilinda banda, "Baba, izime hiyo." Akaniambia, "Mwanangu, nikiizima hutamsikia." Nikamwambia, "Huyo si yeye!" Nikaingia nikaizima mwenyewe, na kisha nikaogopa nilichofanya, nikaiwasha tena.

Walikuleta saa sita kasoro dakika kumi. Ulikuwa umepanda juu ya boya ukajifunga kwa mkanda wako wa suruali, na mkono wako wa kushoto ulibanwa kati ya vyuma kila wimbi lilipoligeuza. Midomo yako ilikuwa ya bluu. Ulinitazama ukasema, "Noreen, mguu wako hauna kiatu." Kisha ukazimia.

Hospitalini wakakata vidole viwili. Daktari alinitoa nje ukumbini, mtu mpole, hakuwa na nia mbaya. Akasema, "Bibi, angefika nusu saa tu mapema, tungeviokoa." Nikaitikia kwa kichwa. Nusu saa. Mimi nilikuwa nimekaa nayo, na dakika kumi za ziada.

Bwana Thurlow aliandika kwenye taarifa yake kwamba boti ilitoka mara ya pili kwa habari kutoka kwa mke. Ni kweli. Hakuandika kwamba alikuja kwangu kwanza. Alinilinda, na nadhani alijilinda na yeye. Gazeti likaandika kwamba mke asiye wa kawaida alisikia hatari redioni. Ulinisomea kitandani huku machozi yanakutoka. "Umenisikia, Noreen. Katikati ya dhoruba yote ile, umenisikia." Nilifungua mdomo niseme. Muuguzi akaingia na supu.

Basi nikasema nitakuambia ukipona. Ulipopona nikasema tutakapohama kwa mama, alikokuuguza. Piano yake ikafungwa kifuniko, na mama akaweka juu yake picha na vitambaa ili usiione, nami nikasema si leo. Agosti ya mwaka uliofuata sheria mpya ikazima meli zote. Ulirudi na sanduku moja la santuri na hukuwa na kazi. Sikuwa na ubavu wa kukuongezea mzigo. Uongo ni mbaya kwa sababu hiyo, kila mwaka unaoupitisha unafanya mwaka unaofuata uwe mgumu zaidi.

Miaka minane uliuza mazulia Ipswich, na Jumapili unawatangazia wagonjwa hospitalini bila malipo. Kisha redio za mikoa zikafunguliwa, ukaajiriwa kwa jina lako mwenyewe, Cliff Tuddenham, na mama akasema, "Haleluya! Pigeni kengele zote za kanisa!" Hapana, hakusema hivyo, nakutania. Alisema, "Afadhali." Lakini alilia. Ipswich, Colchester, kisha Norwich miaka kumi na mmoja. Uliamka saa kumi alfajiri, ukaweka santuri kwa mkono wenye vidole vitatu, na hakuna msikilizaji aliyewahi kusikia sindano ikikosea.

Na hukurekodi tena kipindi hata kimoja kabla ya kwenda hewani. Kilichosemwa kilisemwa mubashara, au hakikusemwa. Mwaka wa elfu mbili na tisa kampuni moja ya London ikanunua kituo, ikakutaka urekodi vipindi vya wiki nzima kwa asubuhi moja. Ukawaambia, "Mimi simtakii mtu asubuhi njema nikiwa nimekaa kwenye jioni." Wakakufukuza kwa barua ya mistari mitatu, baada ya miaka yote hiyo. Stuart alikasirika, akasema, "Baba, kiburi hiki kitakuponza." Watu wengi walidhani ni kiburi. Mimi nilijua ni nini, na kila ulipokataa tepu nilihisi ni mimi unayeninyooshea kidole, ingawa ulikuwa unaninyooshea mkono wa kunishukuru.

Ndipo ulipokuja hapa kwenye kituo chetu kidogo, kile kilichokuwa duka la dobi, pasipo mshahara, ukakaa miaka kumi na minne. Na kila Februari ukasimulia habari ya boya. "Mke wangu alinisikia," ukasema. "Dakika ile ile alijua." Kwenye duka la samaki wanawake walinishika mkono. "Noreen, mapenzi kama yenu hayapo siku hizi." Nikasema asante, nikanunua samaki.

Jumanne ile ya mwisho, siku mbili kabla hujatutoka, Gillian alikwenda kutafuta kahawa. Wewe ulikuwa macho, umechoka lakini akili yako iko sawasawa. Nikaona nikingoja tena, hakuna tena.

Nikasema, "Cliff, Thurlow alikuja kwangu kwanza."

"Thurlow yupi?"

"Wa boti. Alikuja saa nne na dakika tano akaniuliza kama ulikuwa na Percy. Nikamwambia hapana. Nikamwonyesha redio. Akaenda akafunga boti. Nilikaa dakika arobaini napiga pasi, Cliff. Vidole vyako ni mimi."

Ulitazama dari. Nilisikia magurudumu ya kitoroli cha chai yanapita ukumbini, yakaenda mpaka mwisho, yakarudi. Nikajiambia, nimemwua. Miaka hamsini na minane nimenyamaza, na sasa nimemwua kwa siku mbili zake za mwisho.

Kisha ukanigeukia. "Dakika arobaini?"

"Arobaini."

"Na Thurlow naye alidanganyika?"

"Alitazama na saa yake."

Midomo yako ikaanza kucheza, mjinga wewe. "Ilikuwa tepu nzuri, eh?"

Nilikupiga begani. Nikalia mpaka nikapaliwa. Ulinishika kwa mkono ule wa kushoto, ukaniacha nilie, na nilipomaliza uso wako haukuwa na mchezo tena.

"Na mimi nina langu, Noreen," ukasema. "Ile sentensi ya jua. Nilipoisikiliza tepu alfajiri ile, dhoruba ilikuwa imeshaanza. Nikajua itaniumbua. Nikachukua wembe niikate, niunge upya, sekunde nane tu, hakuna ambaye angejua. Wembe ukaniponyoka ukaingia chini ya mashine. Percy alikuwa anapiga honi. Nikasema potelea mbali, nani atasikiliza habari za jua."

Nilisikiliza mimi, Cliff. Nilichelewa, lakini nilisikiliza.

Wanaokukumbuka ni mkeo Noreen, wanao Gillian na Stuart, mkweo Anjali, wajukuu zako Tamsin, Rufus na Meera, dada yako Avis wa Lowestoft, na Percy Mallows, aliye na miaka tisini na mitatu na bado anasema honi haikuwa ya kukuharakisha, ilikuwa imekwama.

Tunakukumbuka leo, na tutakukumbuka siku zetu zote.